Nilivyokata tairi mpya za sports car nikidhani ni kipara

Wakuu, salamu kutoka Karatu. Humu huwa nasoma tu, sichangii. Hii nimeiandika siku tatu kwa sababu naandika polepole, lakini yote yalitokea.

Kazi yangu ni kukata katambuga, vile viatu vya tairi kuukuu. Meza yangu iko karibu na soko.

Kaka Elibariki alikuwa jirani yetu, sasa anaishi Dar. Alikuja na sports car nyekundu, ya chini mpaka ukikaa ndani unaangaliana na kuku. Alitaka impeleke mdogo wake Neema kanisani Mbulumbulu, Jumamosi, siku ya harusi yake.

Tairi mbili za nyuma zilikuwa zimeisha, akaagiza nyingine Dar zije na basi. Alhamisi akaipandisha gari kwenye mawe pale kwangu, akafungua zile za zamani.

"Dogo, mpya zikija zitunze. Zilizoisha kata, ni zako."

Nikasema sawa. Mimi kwa watu wakubwa huwa nasema sawa.

Wakati huo nilikuwa na oda ya pea nane. Saitoti, kijana wa Malambo, alikuwa anakuja na wenzake wa rika kucheza kwenye harusi hiyo hiyo.

"Ijumaa zisipokuwa tayari tutacheza peku," alisema. "Na wakiuliza, nitakunyooshea wewe kidole."

Bodaboda alileta tairi kutoka stendi nikiwa nimeenda kunywa chai. Akazichanganya na zile za zamani. Nikarudi nikakuta nne.

Mbili zilikuwa na mistari mingi, nyeusi zinang'aa. Mbili zilikuwa na vumbi, laini, mistari michache kama ya kiganja.

Wakuu, kwenye kazi yangu tairi laini ni tairi iliyokufa. Sikujua kuna watu wanazitengeneza hivyo makusudi, za mashindano. Wala sikujua kwamba Kaka Elibariki alikuwa amezipaka za zamani dawa ya kung'arisha kwa ajili ya harusi; alipozifungua sikuziangalia.

Zile laini zilikuwa na vinywele vya mpira. Nikavinyoa.

Zilikuwa pia na karatasi ya Kiingereza imebandikwa. Nikaibandua, nikasema nitaisoma nikipata nafasi.

Kuzikata kulinitesa. Nyaya za ndani zilimaliza makali ya visu viwili. Nikasema hii kuukuu ina nguvu kweli. Hata hapo sikushtuka.

Ijumaa mchana Saitoti alikuwa amevaa yake, anarukaruka kujaribu. Kaka Elibariki akafika na fundi.

"Mpya ziko wapi?"

Nikamwonyesha zinazong'aa. Akazitazama. Akaitazama meza. Akachukua katambuga moja, akasoma maandishi ya ubavuni yaliyobaki kwenye mkanda. Akakaa chini, kwenye udongo, na suruali yake nyeupe.

"Vua," akamwambia Saitoti.

"Sivui. Hizi zinashika jiwe kama kwato za mbuzi."

"Ni tairi zangu."

"Basi nifunge mimi kwenye gari."

Fundi akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Karatu nzima hakuna tairi ya size ile, hapa ni za Land Cruiser tu. Neema alikuwa ameshawaambia wenzake wote atashuka kwenye gari jekundu.

Zikarudishwa zile za zamani.

Usiku mvua ikanyesha. Jumamosi, kwenye kilima cha kanisa, gari likaanza kuteleza kinyumenyume kuelekea shamba la maharage. Neema ndani, shela limejaa mpaka kwenye usukani.

Saitoti na wenzake saba wakaacha kucheza, wakaenda nyuma ya gari. Watu wengine waliojaribu walianguka kwenye tope. Wale wanane, na katambuga zao, hawakuteleza hata hatua moja. Wakasukuma mpaka mlangoni, Neema akashuka na viatu vyeupe safi.

Kaka Elibariki akashuka kwenye usukani, akainama, akawatazama miguu.

"Kumbe zimefanya kazi," akasema. Halafu akaniuliza kama kuna kipande kimebaki cha kumkatia na yeye, mguu namba tisa.

Somo nililopata: kabla ya kisu, soma ubavu wa tairi, na kama husomi haraka, muulize mwenye nazo. Nilikuwa na namba yake ya simu muda wote. Niliona haya tu.

Ile karatasi nimemaliza kuisoma jana. Imeandikwa zisitumike kwenye tope.

Mnaoendesha magari ya chini, nyie mnachaguaje tairi? Na ukiangalia kwa macho tu, mpya ya mashindano unaijuaje? Nijibuni taratibu, nitasoma zote.