Mursik Niliyoifunga kwa Selotepu

Wacha niseme mwenyewe, kwa sababu hapa kwetu Litein nusu inajua na nusu ile ingine mama mkwe wangu bado anaiambia: mimi ndiye yule mwalimu aliyelipua maziwa ndani ya ngome ya Wareno kule Mombasa.

Nafundisha watoto wangu watatu nyumbani, na Kogo, nyanya yao, huyo mama mkwe wangu, hajawahi kupenda hiyo maneno. Tukaelewana: niwapeleke Mombasa waone historia kwa macho, nimpigie video ashuhudie, na asiporidhika Januari wanaingia shule. Siku ya kuondoka akatupatia kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, tupelekee rafiki ya bwanangu huko, na mimi, kuogopa imwagikie nguo, nikazungusha kifuniko selotepu mara sita (sita, jameni!). Huku kwetu kwa baridi ya majani chai si inakaa tu wiki mbili bila kusumbua mtu?

Huyo rafiki akachelewa kuja kukichukua, nikaingia ngomeni na kibuyu kwa kiondo. Jua lile, wacha tu! Kijana wa kutembeza wageni, shati jeupe (lazima lingekuwa jeupe), anaeleza mizinga ya zamani, Kogo anatutazama kwa simu, Kiprono wangu ameuliza swali zuri hadi nikavimba kichwa, halafu kiondo kikalia PWAA! Wageni wakalala chini. Mlinzi akapuliza filimbi. Mursik, pamoja na yale makaa tunasugua ndani ya kibuyu, ikapaka kijana kutoka kola mpaka viatu, ikaendelea ukutani.

"Mama, umetumwagia nini?" kijana akauliza.

"Ni maziwa tu," nikasema, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Badala ya historia tukapangusa ukuta na leso yangu nzuri, watu wanatupiga picha, na kumbe simu sikuwa nimekata! Kogo akangoja nimalize kulia, akasema polepole:

"Mimi sijaingia darasa hata siku moja na najua mursik ikipata joto haifungwi hivyo. Sasa wewe unawafundisha nini?"

Nikakata simu, nikarudi kwa ukuta.

Januari wakavaa yunifomu. Juzi kwa mkutano wa wazazi mwalimu akauliza nani atasindikiza darasa la Kiprono safari ya Mombasa, na mimi nikaficha mikono yote miwili chini ya shuka niliyojitanda, nikaangalia dari.