Shali ya Ishirini

Sudhakar Pethkar aliingia idarani kwetu Jumatatu ya mvua, mwezi wa Julai, suruali imelowa hadi magotini, begi moja mkononi. Nilimdhania mkaguzi. Miaka thelathini na moja katika madai ya bima hapa jijini Pune, India, imenifundisha kuwaogopa watu wanaokuja na begi moja, kwa hiyo nikafunga droo yangu kwa ufunguo.

Hakuwa mkaguzi. Kampuni ilikuwa imeamua kutengeneza upya programu ya kompyuta ya kulipia madai, na safari hii si kwa mtindo wa zamani, ule wa mafundi kujifungia miaka miwili na kutoka na kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Kazi ingeenda kwa vipande vya wiki mbili mbili: unatengeneza kidogo, unawaonyesha watakaokitumia, unarekebisha, unasonga mbele. Ila kampuni ya watu elfu sita, iliyozoea kusubiri sahihi tatu ili inunue stepla, huwezi kuiamsha asubuhi ukaiambia ikimbie. Pethkar alikodiwa wiki nane kututayarisha. Siku mradi unapoanza, yeye anakuwa ameshaondoka.

"Yaani unakanda unga, halafu chapati wanakula wengine?" nilimuuliza siku hiyohiyo.

"Ndiyo, dada Hemlata. Na huwa sijui hata kama ziliiva."

Nilidhani anatania, nikacheka. Yeye hakucheka.

Jambo la kwanza alilotaka ni mkutano wa kila asubuhi, dakika kumi na tano, watu wote wamesimama kwenye duara, kila mmoja aseme anafanya nini na kipi kimemkwamisha. Sisi watu wa adabu tukamwekea mkurugenzi wetu, Bwana Nimbalkar, kiti katikati. Akaketi, tukamzunguka, na kila aliyeulizwa akajibu lile lile: "Kila kitu kiko sawa, bwana mkubwa." Watu kumi na wanne, jibu moja. Kesho yake kiti hakikuonekana. Kilikuwa stoo, na ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwa Pethkar.

"Mkiisikia hiyo 'kila kitu kiko sawa'," alituambia, "jueni mtu amekwama. Msimgombeze. Nyamazeni, mhesabu moyoni hadi kumi. Wengi hawafiki kumi."

Alimfanyia hivyo Vasant Ghodke, karani wetu mnene mwenye maneno mengi kila mahali isipokuwa mbele ya wakubwa. Ghodke alisema kila kitu kiko sawa. Pethkar akanyamaza. Nimbalkar akakohoa. Ghodke akatazama dari, akatazama viatu, halafu ikamtoka: madai ya wajane yanakaa siku arobaini kwa sababu yanangoja sahihi ya mkurugenzi, na mkurugenzi huwa hayafungui. Nimbalkar alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Kwa nini hamkuniambia?" aliuliza mwishowe.

"Hujawahi kusimama karibu yetu, bwana mkubwa," akasema Ghodke.

Tangu siku ile mambo yalianza kwenda. Tukatundika ubao wenye safu tatu, Zinazongoja, Zinazofanywa, Zilizokwisha, na kila kazi ikawa na kadi yake. Kadi isiyosogea wiki mbili, Pethkar alitufundisha, yeyote ana haki ya kuuliza kwa sauti kinachoikwamisha.

Mchana yeye alikula ndizi na biskuti dirishani, peke yake, akidai mgeni hatakiwi kuegemea idara yoyote. Siku ya nne uvumilivu ukaniisha.

"Njoo hapa. Hakuna anayekununua kwa bamia."

Akaja. Tangu hapo akala nasi kila mchana, vikopo vya chakula vimefunguliwa katikati ya meza, huyu achari, yule biringanya, mimi chapati za ziada nilizojidai zimebaki kumbe nimezisukuma kwa ajili yake. Alikula taratibu, kama mtu asiyetaka sahani iishe. Hapo ndipo tulipomjua. Mkewe Sunanda alifariki miaka sita iliyopita, watoto hawakujaliwa, na nyumba yao ya Nashik imefungwa, jirani ndiye anayemwagilia mrehani kibarazani. Yeye anahama kutoka nyumba ya wageni ya kampuni hii hadi ya kampuni ile.

"Na kila wakiniaga wananivika shali na kunipa nazi," alisema. Hiyo ni heshima yetu kwa mgeni, hakuna ofisi inayoiacha. "Nazi nawapa madereva. Shali ninazo kumi na tisa, kwenye kabati la nguo za Sunanda."

"Fungua duka, mzee!" akasema Ghodke, mdomo umejaa.

Tulicheka wote. Kisha Pethkar akasema, bila kututazama, kwamba angependa mara moja tu kuuona mradi ukianza, asimame nyuma kabisa ya duara, asiseme kitu. Nilimwongezea chapati sahanini.

Njama ilikuwa yangu, sikatai. Wiki ya nane kulikuwa na kipimo cha mwisho. Kila mtu anainua vidole mbele ya mkurugenzi: kimoja, hatuko tayari hata kidogo, vitano, tuanze kesho. Tukionekana bado, mkataba unampa Pethkar miezi mitatu zaidi, na mradi unangoja. Nikapita meza kwa meza. Vidole viwili, nikawaambia, mwenye vitatu atanijua mimi ni nani. Hakuna aliyebisha.

Siku ilipofika vikainuka vidole viwili viwili duara zima. Nimbalkar alitoa macho. Mkono wangu ulikuwa bado chini.

"Ghodke," Pethkar akasema kwa upole, "wiki iliyopita ulisema vinne. Kimepungua nini?"

"Ah... mvua, bwana."

Watu walicheka. Pethkar hakucheka. Alitutazama mmoja mmoja, na nikaona ameshaelewa, na nikaona amefurahi. Hilo ndilo lililoniuma. Fomu ilikuwa mkononi, kalamu imefunguliwa, alihitaji tu kuandika mbili na kesho mchana angekaa nasi mezani.

"Na wewe, dada Hemlata?"

Akanyamaza. Nilijua anahesabu, na mimi nikahesabu naye. Nilifikiria wale wajane na siku zao arobaini. Nilifikiria kwamba mtu huyu ametumia wiki nane kututoa uongo mdomoni, na mimi nimeurudisha, tena kwa sababu ninampenda. Sikufika kumi. Niliinua vitano.

Ghodke alinitazama kama msaliti. Kisha naye akainua, na wengine wakafuata polepole, bila furaha.

"Asanteni," Pethkar alisema. "Mko tayari." Aliandika akiwa ameinamisha kichwa, akachukua muda mrefu kuliko inavyotakiwa kuandika tarakimu moja.

Ijumaa tulimvika shali, ya kahawia, na kumpa nazi. Jumatatu tukaanza bila yeye. Nimbalkar alisimama pamoja nasi. Kabla ya kadi nyingine zote nilibandika moja kwenye safu ya Zinazongoja: Bwana Pethkar aje aone.

Kadi za kazi zilisogea. Kufikia Novemba dai la mjane lilikuwa linalipwa kwa siku sita, na Ghodke alitembea ofisini kama aliyelivumbua yeye. Kadi ile haikusogea. Pethkar alikuwa Raipur, anaitayarisha benki, na kila tulipomwandikia alijibu kwamba wiki ijayo atajaribu. Asubuhi moja Ghodke akaigusa kwa kidole.

"Hii imekaa miezi mitatu. Nauliza kwa sauti: kipi kinaikwamisha?"

Mchana, wenzangu wakifungua vikopo vyao, nilitoka ukumbini nikampigia simu.

"Bwana Pethkar, kadi yako haisogei. Kipi kimekukwamisha?"

"Ah, dada Hemlata!" Sauti ilichangamka mno. "Hakuna shida yoyote. Kila kitu kiko sawa."

Sikumjibu. Nilishika simu kwa mikono miwili na kuanza kuhesabu. Nilisikia feni kule aliko, na karatasi ya biskuti ikikunjwa. Nilifika saba.

"Dada," alisema, "huku hakuna aliyeniita mezani."