Walimvika Mdogo Wake Gauni la Marehemu, Wakaniletea Ziwani

Admin, jina langu libaki kwako, maana hata wakwe zangu wanausoma ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, naishi Naguru. Baba yangu alikuwa polisi kutoka kaskazini, kwa hiyo Kiswahili nimekua nacho kwenye kota za polisi. Sikusoma sana. Natunza stoo ya rangi upande wa Bugolobi. Mke wangu, Muganda, alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa figo, akaniachia binti mmoja ambaye sasa ana miaka minne.

Kwao, baada ya mazishi hufanyika sherehe ya kumaliza msiba, na marehemu hupewa mrithi. Mrithi wa mwanamke hutoka ukoo wake, naye anakuwa mama wa watoto walioachwa. Wakamchagua mdogo wake, msichana wa miaka ishirini na mbili anayejifunza ushonaji. Siku ile aliniletea chakula amepiga magoti. Nikala, nikashukuru. Mimi mtu wa kaskazini nilidhani namshukuru mama mdogo wa mtoto wangu. Kumbe wenzangu walihesabu kwamba nimepokea mke.

Mwezi uliopita akanipigia ssenga, yaani shangazi wa marehemu. "Mkwe, unakonda. Jumapili tunakwenda bustani ya serikali kule ziwani, njia ya Entebbe. Mlete mtoto apigwe na upepo." Nilifurahi, sitaki kudanganya. Bustani ile ndiyo tulikuwa tunakwenda na mke wangu sikukuu zote. Alikuwa akibeba mahindi ya kuchemsha na chumvi ameifunga kwenye kipande cha karatasi. Mtoto akitoka majini, alimkausha miguu kidole kimoja kimoja, akikiita kila kidole jina la jirani yetu mmoja.

Tulipofika, wakwe walikuwa wameshatandika mikeka karibu na maji. Wadudu wa ziwani walikuwa wametanda kama moshi, wanaanguka kwenye sahani za samaki na watu wanakula nao tu. Karoli wawili, wale korongo wakubwa wala taka, walikuwa wanagombea matumbo ya samaki pembeni. Mama mkwe alikaa ametupa mgongo, kama heshima ya kwao inavyotaka kati ya mkwe na mkwe. Nikasalimia, nikapewa sahani ya samaki. Ndipo yule msichana akatoka nyuma ya mti.

Alikuwa amevaa gauni la njano la mke wangu.

Gauni lile nalijua kuliko shati langu. Marehemu alipokonda kwa ugonjwa alilipunguza mbavuni kwa mkono, kitandani. Sasa mishono ilikuwa imefumuliwa, na matundu ya sindano yake yalionekana yamepanga mstari kwenye kitambaa. Walikuwa wamemfunga kilemba vile vile alivyofunga marehemu. Walikuwa wamempaka hata mafuta yake ya nazi.

Shemeji yangu mkubwa, chupa mkononi, akapiga makofi. "Haya bwana, tumekubadilishia! Na hii haijatembea maili nyingi!" Wakacheka wote. Mwingine akadakia, "Mkague kwanza, usije ukasema tumekuuzia mbovu!" Samaki niliyekuwa natafuna aligeuka matope mdomoni. Nilimtema kwenye kiganja.

Mtoto wangu alikuwa anachezea mchanga. Akainua uso, akaona njano. Ndugu zangu, alikimbia. Alikimbia akiita "Maama!" kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tuzike. Akamkumbatia miguu, akazika uso ndani ya lile gauni. Halafu akatazama juu. Akauangalia ule uso, akaachia mikono taratibu, akarudi kinyumenyume mpaka akakanyaga sahani.

"Mwite tena," ssenga akamwambia, anacheka. "Mwite mama, nikupe soda."

Mtoto akajikojolea pale pale mbele yao.

Nilimbeba nikampeleka bombani kumwosha. Mwili wote ulikuwa unanisisimka kwa kinyaa, kama mtu aliyelala na maiti. Yule msichana akatufuata, amejifunika khanga juu ya gauni, analia.

"Shemeji, mimi ndiye waliyeniambia niifumue ile mishono. Usiku mzima nilikuwa naomba sindano inivunjikie."

"Wewe unataka ndoa hii?"

"Nitake vipi kitanda cha dada? Nina mtu wangu, yuko Kamwokya. Lakini nikikataa mimi watasema nimemkataa marehemu. Kataa wewe, shemeji. Nakuomba."

Nilipokuwa natafuta bodaboda ya kurudi, ssenga alinifuata getini. Sasa hakuwa anacheka. "Mkwe, sisi hatukulazimishi. Lakini mtoto ana mama mmoja sasa, ni mrithi. Ukimkataa mama, mtoto anarudi kwa mama yake kijijini. Utujibu kabla shule hazijafunguliwa."

Tangu siku hiyo binti yangu hataki nguo ya njano, na akisikia sauti ya kike mlangoni anajificha nyuma yangu. Ndugu zangu wa kaskazini wanasema nimpeleke mtoto mbali na kukata undugu. Lakini hawa watu ndio waliomwogesha mke wangu hospitali wakati mimi niko kazini. Mama mkwe ndiye aliyemfumba macho. Nawachukia na bado wananidai shukrani, sijui mtu anabebaje vyote viwili.

Msiniandikie kwamba nioe tu, mtoto atazoea. Hilo nimeshaambiwa na wengi. Wenye hekima, na hasa Waganda mnaoijua mila hii vizuri, nishaurini: ninasemaje hapana mbele ya watu walionizikia mke, binti yao asiumizwe kwa jibu langu, na mimi nitoke kwenye nyumba yao nikiwa nimeshika mkono wa mwanangu?