Siku Nyar Rangwe Alipouzwa

Karibu na stendi ya Migori kuna mama anayekaanga chipsi ndani ya kombi kuukuu isiyo na magurudumu. Juzi nilisimama pale kununua, nikasahau hata kula. Niliutazama ule mlango wa pembeni, ule wa kuburuta, nikacheka peke yangu mpaka yule mama akaniuliza kama kuna tatizo. Hakuna tatizo, rafiki yangu, ni mambo ya zamani tu. Kaa nikusimulie.

Miaka ya tisini baba alikuwa na kombi ya namna hiyo, nyeupe juu na kijani chini. Ilibeba akina mama wauza omena, wale dagaa wa ziwani, kati ya Homa Bay na Migori, na ilinuka omena hata siku ambayo haikubeba. Baba aliinunua Rangwe, ikiwa imeshachoshwa na watu wengine. Siku ilipoingia bomani, nyanya, yaani mama yake baba, alichungulia kutoka jikoni akasema, "Ameleta Nyar Rangwe mwingine!" Kwetu Wajaluo mke huitwa kwa jina la kwao, na nyar ni binti. Mama yangu alikuwa binti wa Rangwe. Basi jina likaganda, tukawa na Nyar Rangwe wawili. Wote waliamka kabla ya jogoo, ila mmoja tu ndiye aliyeamka mwenyewe.

Yule wa magurudumu alikuwa amekufa stata. Kila alfajiri baba alishika usukani, na mama, nyanya na mimi tukasukuma hadi kwenye mteremko wa barabara. Umande ulinilowesha hadi magotini, na sketi yangu ya shule ilinuka petroli. Hayo ningeyavumilia. Lakini mama alikuwa mjamzito, na mwaka uliotangulia mimba yake ilikuwa imetoka. Nesi alimwambia asinyanyue hata mtungi uliojaa. Mama aliitikia, kesho yake akaweka bega kwenye kombi kama kawaida, maana mtoto na kikongwe hawangeiweza peke yao. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kila asubuhi nilisukuma nikiwa nimemkodolea macho yeye, si barabara. Niliichukia ile kombi, nakwambia ukweli.

Baba aliahidi kuiuza. Wanunuzi walikuja, akawakataa. Mmoja aliigonga tairi kwa mguu, baba akasema huyo hana adabu. Mwingine alifunga mlango kwa kishindo, naye akaambiwa aende salama. Nyanya alisema anayechagua sana nazi hupata koroma, baba akajifanya hasikii.

Halafu siku moja, akizibiwa pancha huko Rangwe, baba akamlalamikia fundi. Walizungumza Dholuo, na Dholuo haitofautishi mtu na chombo. Alisema, "Nimechoka na Nyar Rangwe. Amezeeka, asubuhi haamki bila kusukumwa, na kelele zake zinaamsha majirani. Kuna mfanyabiashara Mwislamu pale Migori anamtaka. Nadhani nitamwachia." Waliokuwa wakingoja baiskeli zao walisikia yote, na hakuna aliyeuliza ni Nyar Rangwe yupi.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, wajomba zangu watatu kutoka Rangwe waliingia bomani wakiwa na suti na nyuso za matanga. Baba alikimbilia viti. Mjomba mkubwa akakataa kuketi.

"Shemeji," alisema, "kama umemchoka dada yetu, tuambie sisi. Tutamchukua, na ng'ombe wako utarudishiwa. Lakini kumpa mtu wa Migori? Tumekukosea nini?"

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasikiliza, akaelewa kabla ya wote.

"Kama ni mimi ninayeuzwa, sawa," alisema, akainyooshea kombi mwiko. "Ila nitakayemwacha hapa mtamsukuma nyinyi."

Nyanya alicheka hadi akashika ukuta. Wajomba nao walipoelewa wakacheka, wakaketi, wakaomba maji. Kisha mjomba mkubwa akalitazama tumbo la dada yake, kicheko kikamwisha.

"Anasukuma gari akiwa hivi?"

Mtoto hasemi mbele ya mashemeji wa baba yake, najua, lakini mdomo ulinitoka.

"Kila siku," nilisema.

Baba hakunikemea. Alimtuma jirani na baiskeli amwite yule mfanyabiashara. Alikuja jioni hiyohiyo, mtu mpole, alitaka gari la kupelekea wachimba dhahabu wa Masara mikate na sabuni.

"Mzee, hii inawaka?" aliuliza.

"Ikisukumwa."

"Na leo nani atasukuma?"

Wajomba walivua makoti. Watu wazima watatu, tai shingoni, wakamsukuma mke mwenza wa dada yao hadi nje ya boma. Kombi ilikohoa, ikawaka, ikateremka zake. Nililia, na si kwa huzuni. Nilihisi kama nimetuliwa mzigo wa kuni kichwani.

Kesho yake niliamka na jua limeshatoka. Mama hakuwa jikoni. Nilikimbilia chumbani kwake, nikasimama mlangoni. Alikuwa amelala. Sikuwahi kumwona mama yangu amelala, na nilishangaa kwamba anakoroma. Nyuma yangu baba alipita na sufuria ya uji, macho mekundu kwa moshi, akaweka kidole mdomoni.

Mdogo wangu alizaliwa salama. Nyanya na baba wameshatutoka, na wajomba amebaki mmoja. Boma zima hakuna tena anayemwita mama Nyar Rangwe, watoto wetu wanamwita shosho tu, yaani nyanya. Nikienda nyumbani nikamkuta amelala jua likiwa juu, simwamshi. Nakaa hapo mlangoni, namsikiliza akikoroma.