Tindo Niliyoizimisha kwa Maji ya Bahari

Mwanangu, nakumbuka siku moja kule Mtongwe, miaka ya themanini, nilipokaribia kumpofua mtu kwa ujuaji wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi chuma kwa Mzee Mwinyi, na wallahi nilijiona nimefika.

Jirani yetu Hamisi, mchimba visima, alitaka tindo ya kuvunjia mwamba. Mzee alikuwa anakwenda mazikoni, akaniachia kipande cha springi ya lori na agizo: nikishakifua kiwe tindo na kukizimisha kwenye oili, nikirudishe motoni polepole mpaka kigeuke rangi ya kahawia, ndipo kipoe. Mimi nikaona huko ni kupoteza wakati. Nilisikia barazani kwamba maji ya bahari hukaza chuma kuliko oili, basi nikachota ndoo, nikakitumbukiza kikiwa chekundu. Nilipokijaribu kwa tupa, tupa iliteleza tu bila kukikwangua. Nikajisifu peke yangu, nikampelekea Hamisi tindo yake bila kuirudisha motoni.

Kesho yake Hamisi, akiwa ndani ya kisima, alipiga nyundo mara tatu tu, tindo ikapasuka. Kipande kikamchana chini ya jicho. Alipopandishwa juu, uso umejaa damu, nilikimbilia kumshika. Nililia, sioni haya kukwambia.

Mungu alimhifadhi, jicho likasalimika. Mzee Mwinyi hakunipigia kelele. Alinipeleka kwa Hamisi nikaombe radhi.

"Nimekusamehe, ndugu yangu," Hamisi akasema, "lakini tindo ya pili nitengezewe na mzee."

Tuliporudi, mzee alinitilia vile vipande mkononi. "Waona? Chuma kilikuwa kigumu, lakini hakikuwa na nguvu. Ule moto wa pili hukipunguzia ugumu kidogo, kikaweza kustahimili nyundo."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwanangu, ila mimi nusura nitoboe jicho la mwenzangu.

Basi shika haya. Ukishasoma, ukapata kazi, ukaona hakuna wa kukwambia kitu, kubali kurudishwa motoni: kuonywa, kusubiri, kuulizwa ulivyofanya. Hupungukiwi na kitu. Na kazi yoyote kabla hujamkabidhi mtu, ikague kana kwamba jicho litakaloinamia kazi hiyo ni la mamako.

Mola akupe mikono yenye ustadi na moyo unaoonyeka, na asiwepo atakayetokwa na damu kwa kazi yako. Amin.