Ulezi Juu ya Spika

Siku hizi nawasikia vijana wakibishana ni programu gani ya kompyuta inayofaa kupimia spika kabla ya kuiunda. Mimi yangu niliichagua Mbeya miaka ya sabini. Ilikuwa ni kitabu cha logi cha kupigia hesabu, kiganja cha ulezi na baba yangu mdogo. Sijaibadilisha, na sina mpango.

Baba mdogo alikuwa mkulima wa viazi, na kwenye kwaya ya kanisa letu aliimba sauti ya nne. Akishusha pumzi vikombe vililia kabatini nyumba ya tatu. Tatizo ni vipaza sauti vya kwaya. Vilikuwa vile vya pembe, vya bati, vinavyopitisha sauti nyembamba na kumeza nene. Miaka kumi na miwili ameimba, na aliyekaa nyuma ya benchi la tatu hajapata kumsikia. Mama mdogo, ambaye alikaa nyuma kabisa na watoto, alishatoa hukumu mbele ya ukoo mzima: "Huyu anafungua mdomo tu. Angekuwa anaimba ningemsikia, mimi si kiziwi."

Kwaya ilipoalikwa Iringa, baba mdogo akaja kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio.

"Mwanangu, Iringa nisiposikika, joho narudisha. Nitabaki na viazi vyangu."

Nikamwambia asirudishe kitu, tutaunda spika zetu wenyewe, za sanduku. Wakati huo nilikuwa nimetoka kuhitimu shule ya jioni, cheti bado kinanukia wino, na hakuna jambo duniani lililonishinda.

Nilimwandikia fundi wa ukumbi wa Iringa kumpa taarifa. Akajibu kwamba ng'ambo hesabu za spika hufanywa na kompyuta kubwa kama nyumba, kwamba yeye mwenyewe hutumia rula ya kuteleza na chati za kitabu, na kwamba mimi nitumie pembe za ukumbi. Chochote kitakachotoka Mbeya atakijaribu yeye kwanza. Niliisoma barua ile mara mbili, kisha nikaifungia chumvi.

Kompyuta sikuwa nayo, rula sikuwa nayo. Chati ningeweza kuiazima, lakini ilichorwa kwa spika mpya za kiwandani, na zangu zilitoka kwenye redio-gramu mbili zilizokufa kifo cha kawaida. Chati ilizijua spika zake, haikuzijua zangu. Nikabaki na kitabu cha logi ambacho mwalimu wetu wa shule ya jioni alitulazimisha kulala nacho.

Ili nijue ukubwa wa sanduku, ilibidi kwanza nijue ni kwenye noti gani spika kubwa inatikisika yenyewe kuliko zote. Wenye mali wana mashine ya kutoa sauti hizo. Mimi nilimsimamisha baba mdogo uani na maiki, waya ukapita dirishani, nikailaza spika chali mezani na kuinyunyizia ulezi. Akashuka noti baada ya noti. Ulezi ukatetemeka kidogo, ukatetemeka kidogo, kisha karibu na mwisho wa koo lake ukaruka hadi darini. Mwingine uliota huko huko mvua zilipoanza.

"Rudia hapo hapo, baba."

"Hapo pananiuma."

"Kidogo tu."

Alirudia mara tisa. Jioni alizungumza kwa ishara, lakini noti nilikuwa nayo, na masanduku mawili ya mbao za msindano niliyaunda kwa noti ile.

Kikabaki kichujio, yaani kile kinachogawa sauti: nene ziende spika kubwa, nyembamba ziende ndogo. Nikapiga logi, nikasuka koili ya waya wa shaba kutwa nzima, ikawa kubwa kama kabichi. Siku ya mazoezi baba mdogo alinguruma hadi kuku wakaingia bandani. Ila akina mama wa sauti ya pili hawakusikika kabisa.

"Fundi, sisi umetuweka wapi?"

"Kwenye koili, mama."

"Basi tutoe."

Mwalimu wa kwaya akasema tumsikilize mtu wa Iringa, tutumie pembe. Nikakataa. Nilirudi kwenye daftari na nikamkuta mwizi: namba zenye kijistari kichwani, ambazo ukizisoma vibaya jibu linakua mara mia. Kosa lilikuwa langu, si la logi. Nikafumua ile kabichi, nikasuka upya ndogo kama kitunguu.

Safari ya Iringa masanduku yalikaa juu ya basi yamefunikwa blanketi. Pale Igawa wachuuzi walivua kofia, wakidhani tumebeba marehemu wawili wafupi.

Fundi wa ukumbi alinipokea mlangoni, kalamu sikioni.

"Umesomea wapi haya, kijana?"

"Shule ya jioni, mzee."

"Jioni mwanga hafifu."

"Ndiyo maana kitabu nilikisogeza karibu."

Hakucheka. Aliamuru kwaya iimbe ubeti mmoja kwa pembe zake, na wa pili kwa masanduku yangu. Wa kwanza ulipita kama wa miaka yote kumi na miwili. Wa pili ulipoanza, akina mama wa sauti ya pili walikuwepo wote, na chini yao sakafu ikaanza kuimba. Mama mdogo, kwenye benchi la mwisho, akasimama wima na mtoto mgongoni. Baba mdogo akamwona, akashuka hadi pale panapomuuma na kukaa huko.

Walipomaliza mama mdogo alitembea hadi mbele, akamtazama mumewe juu hadi chini.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Basi hilo joho lete nilifue, lina vumbi."

Fundi alizunguka masanduku yangu mara tatu, akayagonga kwa kidole, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini nilitumia chati gani. Nikatia mkono mfukoni, nikammiminia ulezi kiganjani.

"Chati ndiyo hii," nikamwambia, "mwimbaji tafuta wako."