Mwanne wa Redioni

Kwa miaka mingi Leonia wa Kwihara alimchukia mwanamke ambaye hakuwahi kumtia machoni. Mwanamke huyo alikuwa Mchina, jina lake la hewani Mwanne, na kila jioni aliingia nyumbani kwa Leonia kwa njia ya redio bila kubisha hodi.

"Hamjambo wasikilizaji wetu popote mlipo," Mwanne angesema kwa Kiswahili chake laini, na hapo Lugembe, mume wa Leonia, angeweka kikombe chini na kuinua kiganja ili nyumba nzima inyamaze.

Lugembe alianza kuisikiliza idhaa ya Kiswahili ya China akiwa kijana, alipokwenda kubeba mataruma kwenye ujenzi wa reli ya Zambia. Kule alifanya kazi bega kwa bega na Wachina, akarudi Kwihara na redio ya betri na mapenzi na nchi asiyowahi kuikanyaga. Alijua habari za mfalme wa mwisho wa China, aliyekalishwa kitini angali mtoto wa kubebwa. Alijua jinsi wanaume walivyokatwa mikia yao ya nywele utawala wa wafalme ulipoanguka, na jinsi mabinti walivyokuwa wakifungwa miguu isikue. Mao alipofariki, Lugembe alishinda kutwa bila kula. Wakulima wa China waliporudishiwa mashamba ya kila kaya, alifurahi kana kwamba na yeye amepimiwa ekari zake kule.

Leonia hakuwa na ugomvi na wafalme. Hao walikwisha kufa. Mwanne alikuwa hai.

Lugembe alikuwa akiiandikia idhaa barua za salamu, na jioni moja Mwanne akajibu hewani. "Salamu zimfikie mzee Lugembe wa Kwihara, Tabora, msikilizaji wetu mpendwa."

Leonia, aliyekuwa akipepeta karanga mlangoni, aliacha ungo.

"Mpendwa?"

"Ndiyo lugha ya redio hiyo."

"Mimi uliniita hivyo lini?"

"Mama Elieth, wewe si mke wangu?" alisema Lugembe, akiona amejibu.

Tangu siku hiyo betri zikawa zinapotea. Lugembe angezikuta ndani ya mtungi wa mtama, na Leonia angeshangaa naye. Akimwona mumewe anatabasamu peke yake shambani, roho ilimchoma. Alijua anakumbuka nini. Safari moja alipokwenda Cheyo, mjini Tabora, kwa binti yao mkubwa, Elieth, alimwomba amtafutie picha ya huyo mtu kwenye simu.

"Mwembamba," alisema baada ya kuitazama. "Huyu jembe hawezi."

"Kwani anakuja kulima, mama?"

Leonia aliomba aione tena picha, akayaangalia yale meno meupe mpaka kioo cha simu kikazimika.

Mwaka jana, wakati Wachina walipokuwa wakijenga reli mpya ya kwenda Kigoma, Elieth alikuja na habari. Mwanne anafika Tabora kutengeneza kipindi kuhusu reli, na ameomba kumtembelea msikilizaji wake wa siku nyingi. Lugembe alichanganyikiwa kwa furaha. Akawa anazunguka uani akitaja koo za wafalme kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, kama mtoto wa kipaimara anayesubiri kuulizwa na askofu.

"Chinja yule jogoo mwekundu," alimwagiza mkewe. "Na wali."

Leonia aliitikia. Asubuhi ya ugeni akamfungulia jogoo, akamfukuza mpaka upande wa pili wa barabara, kisha akatoa kapu la michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani. Akavichemsha na karanga za kutwanga. Hicho ni chakula cha mwaka mbaya, mgeni hapewi. Alitaka Mwanne ale, akae akijua kwamba hapa hakutakiwa.

Gari lilipofika, alishuka mwanamke wa makamo, mnene kidogo kuliko ile picha, amechoka na ana vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu Leonia kwa ncha ya ulimi.

"Mwangaluka," akaongeza mgeni, na majirani waliokuja kuchungulia wakaangua vifijo. Leonia hakucheka. Hata Kinyamwezi amekuja kuniibia, alisema moyoni.

Lugembe aliketishwa mbele ya kinasa sauti, akamwaga yote: wafalme, ukuta, vita, mapinduzi. Mwanne alimsikiliza kwa adabu. Baada ya hapo chakula kikaletwa. Lugembe alipofunua sufuria uso ulimshuka.

"Mama Elieth! Jogoo yuko wapi?"

Mwanne alikuwa amekwisha kutia kipande mdomoni. Alitafuna, akaacha kutafuna. Macho yakamjaa machozi.

"Mama, hii umefundishwa na nani?"

"Na mama yangu," alisema Leonia kwa ukali. "Ni chakula cha njaa."

"Kwetu pia," alisema Mwanne. "Kijijini, mkoa wa Henan. Bibi yangu alikuwa akianika viazi juu ya paa hivi hivi. Alisema ilipopita njaa kubwa, kabla mama yangu hajazaliwa, watu walikula mpaka magome ya miti. Naomba unionyeshe unavyokata."

Lugembe alianza kueleza habari za njaa hiyo, lakini wanawake walikuwa wameshainuka kwenda jikoni.

Kule Leonia alionyesha kisu na namna ya kukata. Alisimulia mwaka waliohamishwa kwa nguvu kwenda kijiji kipya, yeye akiwa msichana mdogo kule Puge, mavuno yakaachwa shambani, na michembe ya mama yake ndiyo iliyowavusha. Mwanne alirekodi yote. Kisha akazima kinasa sauti.

"Mimi nilikuwa mtoto wa pili," alisema, "na sheria ilikuwa mtoto mmoja. Baba alikuwa anangoja wa kiume. Nikapelekwa kwa bibi. Wakaguzi wakija, ananificha nyuma ya magunia ya viazi. Ile harufu ndiyo utoto wangu."

Leonia alitazama moto. Aliwaza mabinti zake sita, na maneno aliyoambiwa katika ua huu kila alipojifungua. Akajikuta anayasema, mambo ambayo Elieth mwenyewe hakuwahi kuyasikia. Mwanne alimshika mkono uliojaa unga wa karanga, wala hakumjibu kwa neno lolote la redio.

Kipindi kilirushwa baadaye, majirani wamejaa uani. Kilikuwa cha Leonia tangu mwanzo mpaka mwisho: kisu chake, kicheko chake, mwaka ule wa Puge. "Mama yetu mpendwa Leonia," alisema Mwanne. Kuhusu Lugembe alisema tu kwamba mzee naye anawasalimu. Watu walipiga makofi. Lugembe alinyoosha mkono akaizima redio kabla haijafika mwisho.

"Mbona umezima?"

"Betri."

Usiku huo hakula. "Nimewasikiliza tangu ujana wangu," alisema akiwa ameuelekea ukuta. "Wewe hata mfalme wao mmoja humjui."

"Simjui," alikubali Leonia. Lilikuwa jambo tamu kulisema, wala hakuona haya.

Mwanne akawa anatuma ujumbe wa sauti kwenye simu ya Elieth, na kila mwisho wa wiki Leonia huenda Cheyo kuusikiliza na kujibu. Lugembe aliuliza mara ya kwanza kama mtu asiyejali: "Mlizungumza nini kule jikoni?"

"Michembe."

"Muda wote ule?"

"Na mengine ya wanawake."

Jumamosi iliyofuata Leonia alimkuta amevaa viatu vya kanisani, amekaa mlangoni.

"Nakusindikiza. Nataka kumsalimia."

"Nitamfikishia salamu zako," alisema Leonia, akajifunga kanga, akatoka.

Kwenye njia inayokwenda mjini aligeuka. Mumewe alikuwa ameinuka, amesimama pale pale mlangoni, mzee aliyenyoa ndevu vizuri, hana pa kwenda. Leonia aliyafahamu maumivu yale yanavyokaa kifuani, na kwa muda alimhurumia mpaka mguu ukataka kurudi. Kisha akaendelea na safari, peke yake.